Kipimo cha Jarida na Utafiti wa Mikorosho

Mtafiti anayeomba kupandishwa cheo mara nyingi huulizwa amechapisha wapi kabla hajaulizwa amegundua nini, na jibu lake hupimwa kwa namba moja, yaani impakti fakta ya jarida. Wazo la namba hiyo lilitolewa na Mmarekani Eugene Garfield mwaka 1955, na hesabu yake ni nyepesi: jarida lililochapisha makala 100 katika miaka ya 2022 na 2023, zikanukuliwa mara 300 mwaka 2024, hupewa 3. Huo ni wastani wa jarida zima. Katika mfano huu inawezekana kabisa makala tano tu zimenukuliwa jumla ya mara 200, na nyingine nyingi hazikunukuliwa hata mara moja, lakini waandishi wote hujivunia 3 ileile.

Mimi hutafiti magonjwa ya mikorosho hapa Mtwara, na kinachonisumbua zaidi ni ile miaka miwili tu ambayo makala huhesabiwa. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, hushambulia machipukizi na maua wakati wa kiangazi, kwa hiyo mtafiti hupata nafasi moja tu kwa mwaka ya kuona kama kiwango fulani cha salfa, dawa ya kuuzuia, kinafaa. Mwenzake anayetaka kurudia jaribio hilo, alipime kwa misimu kadhaa, aandike na kulinukuu, hufika wakati hesabu imekwisha kufungwa. Naye afisa ugani wa Newala au Tandahimba, ambaye ndiye msomaji tunayemhitaji kuliko wote, huyatumia matokeo kumwelekeza mkulima, wala hanukuu popote.

Watafiti vijana wanaliona hili mapema. Mmoja wao, aliyelinganisha kwa uangalifu mkubwa miche ya korosho ya kubebeshwa (iliyounganishwa) na ya mbegu, aliniuliza kama asihamie kwenye mada inayosomwa zaidi Ulaya. Sikuweza kumwambia kwamba hofu yake haina msingi.

Azimio la San Francisco kuhusu kutathmini utafiti, lililoanza kuandaliwa mwaka 2012, linataka kipimo cha jarida kisitumike kumpima mtafiti wala makala yake. Kwa msingi huo, ninapoitwa kumtathmini mtu, naomba makala yenyewe iletwe mezani isomwe, pamoja na kipeperushi cha Kiswahili kilichotokana nayo na maelezo ya maafisa ugani waliokitumia, hata kama kikao kitaendelea hadi jioni.