Colossus Haikujengwa na Turing

Nimeisikia tena, safari hii kwa kijana mwenye shahada ya uhandisi wa umeme: eti mwanahisabati Alan Turing alijenga Colossus, mashine ya Waingereza ya kuvunja misimbo wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili kuvunja Enigma, mtambo wa Wajerumani wa kusimba ujumbe. Hapana, na tena hapana. Enigma ilishughulikiwa na Bombe, mashine za mota na relei (swichi zinazosukumwa na umeme), na hizo ndizo zenye mkono wa Turing. Colossus ilikuwa ya kuvunja Lorenz, mtambo mwingine wa Wajerumani wa magurudumu 12 uliosimba ujumbe wa teleprinta kati ya Berlin na majenerali wake. Mwanahisabati Bill Tutte aliufumbua muundo wa Lorenz mwaka 1942 bila kuuona mtambo wenyewe. Aliyebuni Colossus ni Tommy Flowers, mtoto wa mwashi wa mashariki mwa London, aliyesomea umeme jioni baada ya kazi na kuajiriwa na Posta ya Uingereza upande wa simu.

Ukishawasahihisha jina wanakuambia, "Basi alikuwa fundi tu, aliunganisha alichoambiwa." Hilo ndilo linaloniudhi. Mashine iliyotangulia, Heath Robinson, ilisoma tepe mbili za karatasi kwa pamoja: mmoja wa ujumbe, mwingine wa mpangilio wa magurudumu. Zilipishana, zikakatika. Flowers aliombwa asaidie kuirekebisha. Yeye akataka utepe wa pili uondolewe kabisa, mpangilio uzalishwe ndani ya mashine na valvu, yaani mirija ya kioo yenye uzi wa moto inayofanya kazi ya swichi, zaidi ya 1,000. Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kuvunja misimbo, wakaguna: valvu huungua ovyo, hizo zote zitafanyaje kazi kwa pamoja?

Kinachoiua valvu hasa ni kuwashwa na kuzimwa. Uzi wake ukipata moto hutanuka, ukipoa husinyaa; ndiyo maana balbu za zamani za sebuleni ziliungua mara nyingi pale tu unapobonyeza swichi. Flowers alikuwa ameshafunga valvu kwa maelfu kwenye mitambo ya simu kabla ya vita, mitambo isiyozimwa usiku wala mchana. Alijua kwamba ukiiwasha ukaiacha, inadumu. Hukokotoi hilo kwa kalamu. Unalijua kwa kuishi na mitambo.

Wakubwa wake Dollis Hill, kituo cha utafiti cha Posta, wakamuunga mkono, na Februari 1944 Colossus ikaanza kazi Bletchley, valvu 1,600 hivi, herufi 5,000 kwa sekunde. Na tazama alivyoipa mapigo: vile vitundu vya katikati ya utepe, vya kuvutwa na meno ya gurudumu, yeye alivisoma kwa mwanga vikawa saa ya mashine nzima. Utepe ukienda mbio au ukilegea, mashine inaufuata. Wanafunzi wangu wengi wanalipita hili bila kusimama, nami huwarudisha.

Vita vilipoisha aliamriwa kuharibu nyaraka, akazichoma. Akaomba mkopo benki ajenge mashine ya namna hiyo, wakamkatalia wakiamini haiwezekani, naye amefungwa mdomo na siri ya serikali, hawezi kusema kwamba ameshaijenga. Siri ilianza kufunguka miaka ya 1970, na kufikia hapo sifa zilishagawanywa.

"Kompyuta ya kwanza" nasita kuiita. Haikuhifadhi programu, ilipangwa kwa swichi na plagi, kazi yake kujaribu mikao ya magurudumu na kuhesabu ulinganifu. Kuufikia ujumbe wenyewe kulihitaji watu na mashine nyingine. Na hiyo ya kwamba ilifupisha vita kwa miaka miwili, sioni mtu anavyoweza kuipima, kwa hiyo siifundishi.