Je, wajua jina la kubuni nalo lina matamshi sahihi?

Celeborn. Msomaji wa Kiswahili akikutana na jina hili, la mhusika wa riwaya ya The Lord of the Rings, kwa mara ya kwanza, ulimi unasita kwenye herufi ya kwanza tu. Ni Seleborn, Cheleborn au Keleborn? Na mkazo uwekwe wapi? Kwenye kitabu unaweza kulipita kwa macho na hadithi ikaendelea. Kwenye mchezo wa kuigiza wahusika huwezi, kwa sababu mchezo wenyewe unachezwa kwa mdomo: msimulizi anaeleza mahali mlipo na nani yuko mbele yenu, kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, dadu zinarushwa, hadithi inasonga. Jina lisilotamkika linakata maneno katikati, na kila mtu akilitamka kivyake, baada ya muda hamjui tena kama mnamzungumzia mfalme mmoja au wawili.

Chanzo cha tatizo ni jinsi majina haya yanavyozaliwa. Jina la mtu au la mji wa kweli huanzia vinywani. Watu wamelitaja vizazi na vizazi kabla ya mtu yeyote kuliandika, kwa hiyo ukikwama unamuuliza mwenyeji. Jina la kubuni huanzia kwenye karatasi, na hakuna mwenyeji wa kumuuliza. Aliyelibuni akiacha kanuni, matamshi sahihi yapo na yanajulikana. Asipoacha, wanaolitumia ndio watakaoamua.

Aliyeacha kanuni kwa ukarimu kuliko wote ni J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyefundisha Kiingereza cha kale. Alibuni lugha kwanza, kisha akazitafutia watu wa kuzizungumza. Mbili kati yake ni za Elfu, wale viumbe warefu wasiozeeka: Kikwenya, iliyonukia Kifini, na Kisindari, iliyofuata sauti za Kiwelisi. Juzuu ya mwisho ya riwaya yake The Lord of the Rings ilipotoka mwaka 1955, aliweka nyuma yake Kiambatisho E, kurasa zinazoeleza kila herufi inavyosomwa. Tangu hapo ulimwengu wake umechezwa mezani kwa michezo kadhaa, mmoja ukitoka mwaka 1984 na mwingine mwaka 2011, na kiambatisho hicho bado kinafaa kwa yote.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kubwa. Irabu za Tolkien ziko karibu sana na zetu: a, e, i, o, u, kila moja na sauti yake, na e ya mwisho haimezwi hata siku moja. Msomaji wa Kiingereza lazima ajizuie, sisi tunasoma tu. Irabu yenye alama juu yake huvutwa, kwa hiyo Elentári ni kama mtu angeandika Elentaari. Herufi dh ni dh ya dhahabu, kwa hiyo mlima Caradhras ni Karadhras. Herufi th ni th ya thamani, kwa hiyo mji wa Minas Tirith unamalizikia kwenye ncha ya ulimi, si kwenye s. Aliyezoea kusema “zahabu” na “samani” itabidi aikumbuke sauti aliyofundishwa darasani, lakini sauti anayo. Ch ndiyo inayotutega, kwa kuwa si ch ya chai. Ni ile ya kooni, kh ya kheri. Na c popote ilipo ni k. Kwa hiyo ni Keleborn.

Kinachotuangusha ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tumeizoea kanuni hiyo hivi kwamba tunaipachika kwenye kila jina geni bila kujijua: Le-GO-las, Bo-RO-mir, De-NE-thor. Yote matatu si sahihi. Kanuni ya Tolkien inakwenda hivi. Jina la silabi mbili hupata mkazo kwenye ya kwanza, na hapo hatukosei kamwe: MI-nas, TI-rith. Jina refu zaidi, angalia silabi ya pili kutoka mwisho. Ikiwa ina irabu ndefu, au irabu mbili zilizoungana kama au, au irabu inayofuatwa na konsonanti mbili, mkazo unakaa hapo hapo: I-SIL-dur, Pe-LAR-gir, E-LEN-dil. Ikiwa silabi hiyo ni nyepesi, mkazo unarudi nyuma hatua moja hadi ya tatu kutoka mwisho: LE-go-las, BO-ro-mir, KE-le-born, ek-THE-li-on. Jihadhari na Denethor. Th inaandikwa kwa herufi mbili lakini ni konsonanti moja, kwa hiyo “ne” inabaki nyepesi na jina linakuwa DE-ne-thor.

Usidhani ulimi wa Mswahili hauwezi kurudisha mkazo nyuma. BaraBAra ni njia kuu, baRAbara ni sawasawa kabisa, na mzungumzaji mzuri hazichanganyi. Litamke Galadriel kwa mwendo huo huo wa baRAbara: ga-LA-dri-el. Likishakaa mdomoni, mengine yanafuata.

Anayetaka kusikia badala ya kusoma anaweza pia. Mwaka 1952 Tolkien alirekodiwa na rafiki yake George Sayer kwenye mashine ya kanda, mjini Malvern, Uingereza, akisoma sehemu za kazi yake. Mojawapo ni shairi la Kikwenya. Sikiliza r zake, zinatetemeka kwelikweli, kama r ya anayesema “rarua” kwa hasira.

Ninachokipenda zaidi katika kiambatisho kile ni kwamba hata ndani ya ulimwengu huo watu hawatamki sawa. Kisindari kina sauti ya y inayofanana na u ya Kifaransa, midomo ikiwa imechongoka, lakini watu wa Gondor, ufalme wa wanadamu katika hadithi hiyo, asema Tolkien, kwa kawaida waliitamka i. Vilevile kh ya katikati ya neno waliilegeza ikawa h, ndiyo maana tunasema Rohan, jina la nchi jirani yao. Na Orki, wale viumbe wakatili wa jeshi la adui, pamoja na baadhi ya Mbilikimo, walitamka r kwa nyuma ya koo, sauti iliyowachukiza Elfu. Mtu anayecheza mezani apewe nini zaidi? Ukiigiza askari wa Gondor, sema “Emin” pale palipoandikwa Emyn na hutakuwa umekosea, utakuwa umeongea kama mtu wa kwenu. Ukiigiza Orki, ipeleke r kooni karibu na gh ya ghali. Wenzako watajua nani anaongea kabla hujamtaja.

Lugha ya Mbilikimo ina mtego wake. Kwenye Khazad-dûm, ule mji wao wa chini ya milima, kh si ya kheri. Ni k inayofuatwa na pumzi. Mtu wa Mombasa hahitaji maelezo marefu, kwa sababu Kimvita kinatofautisha kaa la moto na kaa wa baharini kwa pumzi hiyo hiyo: yule wa baharini ndiye mwenye pumzi. Mtu wa bara aweke kiganja mbele ya mdomo, aseme k mpaka aihisi hewa. Lakini gh inayoandikwa katika maneno ya Orki ni gh yetu kamili, haina haja ya mazoezi.

Kabla ya kutumia kanuni yoyote, uliza kwanza jina ni la lugha gani. Gandalf si jina la Kielfu. Limo kwenye orodha ya majina ya Mbilikimo katika shairi la kale la Waskandinavia liitwalo Völuspá, kwa hiyo f yake ni f, ingawa kwenye Kisindari f ya mwisho husomwa v. Baggins ni Kiingereza, lisome kama Kiingereza.

Swali hilo hilo linafungua milango kwenye Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974 kwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson na ambao michezo mingi ya aina hii imetokana nao. Majina yake mengi hayakubuniwa, yameokotwa. Djinni ni jini. Ile d ya mbele ni mazoea ya tahajia ya Kifaransa, na wewe uliyezisikia hadithi za majini tangu utotoni usibabaishwe nayo. Efreeti ni afriti. Ghoul, mla maiti, ni neno la Kiarabu pia. Waingereza huanza na g kavu, ila ukiliita “ghul” uko karibu zaidi na asili yake kuliko wao. Tarrasque, zimwi kubwa kuliko yote, limetoka kwenye hekaya ya mji wa Tarascon kusini mwa Ufaransa, hivyo mwisho wake ni k tu: ta-RASK. Lich, mchawi aliyekufa akakataa kuzikwa, ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya maiti, na ch yake ni ch ya chai. Wanaosema “lik” ni wengi, nami ningewarekebisha kwa upole. Kuhusu drow, Elfu wa chini ya ardhi, nisingemrekebisha mtu. Neno lilikuwepo visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, na mezani utasikia “drau” na utasikia “dro”.

Mabishano ya namna hii yalikuwa mengi kiasi kwamba Januari 1985 jarida la Dragon, toleo la 93, lilichapisha mwongozo wa matamshi ulioandaliwa na Frank Mentzer, mhariri wa kampuni iliyotoa mchezo. Miongozo ya aina hiyo sasa ni ya kawaida, lakini ina hila kwa msomaji wa Kiswahili: imeandikwa kwa masikio ya Mwingereza. Mnyama aitwaye bulette ameandikiwa “boo-LAY”. Mswahili akisoma herufi kama zilivyo atapata kitu ambacho hakuna aliyekikusudia. Kinachotakiwa ni bu-LEI. Kwa hiyo ukiwa na mwongozo wa Kiingereza mkononi, oo igeuze u, ee igeuze i, ay igeuze ei, ow mara nyingi ni au, na “uh” ni a fupi iliyofifia. Herufi kubwa huonyesha mkazo, hizo zifuate kama zilivyo. Faerûn, bara ambamo hadithi nyingi za mchezo huo hutokea, huelezwa kama “fay-ROON”, nasi tunaandika fei-RUN na kazi imekwisha.

Wabunifu wachache waliweka msaada ndani ya jina lenyewe. M.A.R. Barker, profesa wa lugha za Asia Kusini katika Chuo Kikuu cha Minnesota, alitoa mwaka 1975 mchezo wa ulimwengu wake wa Tékumel, na ile alama juu ya e inakuambia wapi pa kukazia: TE-ku-mel. Kwake hata alama ya ritifaa ina sauti, ni ule mkato wa kooni tunaousikia Mwarabu anaposoma “Qur'an”. Wengine hulitupia jina ritifaa ili lionekane geni tu. Mhusika maarufu Drizzt Do'Urden, aliyeanza kusomwa mwaka 1988, anayo, na hapo kituo kifupi kinatosha. Tusiichanganye na ritifaa ya ng'ombe, ambayo haikati chochote.

Penye ukimya wa mbunifu, ningependekeza hivi. Mwenye mhusika ndiye mwenye neno la mwisho juu ya jina la mhusika wake. Miji, wafalme na miungu aamue msimulizi, na aamue kabla ya kikao cha kwanza. Achukue karatasi, ayaandike majina kwa tahajia ya Kiswahili yakiwa yamegawanywa silabi, mkazo kwa herufi kubwa, aiweke katikati ya meza. Akiona jina limejaa konsonanti hata yeye linamshinda, alibadilishe. Lisilotamkika na msimulizi halitakumbukwa na wachezaji.

Je, tuongeze irabu mwishoni, tuseme Boromiri na Gandalfu, kama tulivyofanya Yakobo na Yerusalemu? Mkicheza kwa Kiswahili kitupu, mnaweza, na masikio yatapumzika. Lakini fahamuni mnachopoteza: irabu moja ikiongezwa, silabi zinahama na mkazo unahama nazo. BO-ro-mir anakuwa Bo-ro-MI-ri, na hapo lile jina limekuwa letu, si la Kielfu tena. Mimi ningeyaacha ya Elfu yalivyo, halafu majina ya wenye vilabu, wavuvi na wachuuzi wa sokoni nikayapa irabu zote yanazotaka. Tofauti hiyo peke yake itawaambia wachezaji nani ni mgeni katika nchi hiyo na nani amezaliwa hapo.

Na ikiwa mwaka ujao mchapishaji atatoa rekodi inayolitamka jina la mji wenu tofauti na mlivyolizoea, msiikatize hadithi kulisahihisha. Wageni wa kutoka mbali walitamke kama rekodi. Wenyeji waendelee kulisema kama mlivyoanza, kama watu wa Gondor na i yao.