Muuguzi Akiwa Mtafiti Mkuu

Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia ni kanuni ya zamani. Mwaka 2013, muuguzi mtafiti Nancy Bergstrom na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha saa 2, 3 na 4 katika makao ya wazee Marekani na Kanada. Kwa wazee waliolala kwenye magodoro ya sponji nzito, tofauti ya waliopata vidonda haikuwa ya maana. Swali kama hilo huanzia kwa anayegeuza, lakini halijibiki bila mtakwimu, na mara nyingine mhandisi wa vifaatiba.

Tatizo la kwanza la timu kama hiyo ni neno "kidonda". Mhandisi anawaza mgandamizo, mtakwimu anataka kipo au hakipo, muuguzi anatumia macho na vidole. Kwa hiyo kabla ya fomu yoyote ya kukusanya data, muuguzi aliye mtafiti mkuu aandike ukurasa mmoja wa maana za maneno. Hatua ya kwanza ya kidonda, kwa mfano: ngozi haijachanika, ina wekundu, na ukiibonyeza kwa kidole wekundu haupotei. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni vigumu kuuona, basi ongezeni joto, ugumu na maumivu, mkilinganisha na ngozi ya jirani. Mkiliacha hilo, takwimu zitaonyesha wenye ngozi nyeusi hawapati hatua hiyo, kumbe hawakuonwa.

Kisha wauguzi wawili wakague wagonjwa walewale, kila mmoja peke yake, na mtakwimu apime wanavyokubaliana. Wakipishana sana, rekebisheni maelezo kabla ya kumlaumu mtu.

Kisanduku kitupu kwenye fomu nacho kimeharibu data nyingi: hakuna kidonda, au hakuna aliyekagua? Tumieni 0 kwa hakuna, 1 kwa kipo, 9 kwa hakukaguliwa.

Mamlaka yaandikwe mapema: nani anabadili itifaki (mpango ulioandikwa wa utafiti), nani anatunza data, majina yatafuatanaje kwenye makala. Daktari bingwa akiwa mshiriki, cheo chake cha wodini kibaki wodini.

Idadi ya wagonjwa mwachieni mtakwimu, ila hesabu moja ikagueni wenyewe. Wakihitajika 200 na mnatarajia asilimia 10 kujitoa, kuongeza 20 hakutoshi, maana asilimia 10 ya 220 wakiondoka wanabaki 198. Gawanyeni 200 kwa 0.9: andikisheni 223.