Ukaidi unataka amri

Sentensi kama "mazungumzo yamekwama kutokana na ukaidi wa pande zote mbili" nikiikuta kwenye habari, huirudisha kwa mwandishi. Ukaidi hauji peke yake. Nyuma yake pana amri. Mtu hukaidi agizo la mahakama, hukaidi wazazi, hukaidi masharti ya daktari. "Mwajiri amekaidi chama cha wafanyakazi" imepinda, maana chama hakikumwamuru mwajiri. Kilimtaka wakae mezani.

Kosa hilo lina uzito, kwani kumwita mtu mkaidi ni kumweka chini ya mwingine. "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi" huambiwa mdogo na mkubwa wake. Ukiliandika neno hilo juu ya upande mmoja wa mgogoro, umeshatoa hukumu: huyu ni mtoto, yule ni mzazi.

Watu walio sawa wana methali yao: kila mwamba ngozi huvutia kwake. Waangalie wanaowamba ngoma: ngozi ni moja, mikono inavuta huku na huku, na hakuna aliyemwamuru mwenzake. Kwa hiyo andika "wanavutana", "kila upande unavutia kwake", au "wamekataa kulegeza msimamo". Hili la mwisho ndilo salama zaidi kwa taarifa ya habari. Anayeshikilia jambo ambalo hoja zake zimekwisha, huyo anang'ang'ania.

Inadi, tuliyoipata kwa Waarabu, ni jambo jingine. Ndani yake mna kusudi la kuudhi. Jirani akiombwa apunguze sauti ya redio naye akaiongeza, amefanya inadi. Usiitumie kama huna ushahidi wa nia yake.

Ushupavu ni sifa njema, ingawa "kushupaza shingo" ni lawama, sawa na "shingo ngumu" ya kwenye Biblia. "Kichwa kigumu" kina mtego: kwa mwalimu huweza kuwa mwanafunzi mzito wa kuelewa, si mbishi. Na "msimamo mkali" siku hizi kaa nao mbali, maana vyombo vya habari vimeuzoesha kwa makundi yenye silaha. Mjumbe wa chama cha walimu anayekataa nyongeza ndogo ya mshahara, ukimwita "mwenye msimamo mkali", msomaji atamwazia bunduki.