Kila abiria anataka usukani: dhana potofu kuhusu miradi ya mashabiki, na ukweli wenyewe

Kila wiki kuna mtu kwa grupu anauliza hii ramani ni ya nani, na kila wiki anapewa jibu tofauti. Tuko watu wanne, wawili Nakuru, mmoja Kisumu na mmoja alihamia Kakamega juu ya kazi, tunachora barabara ya Nakuru–Kisumu ndani ya Euro Truck Simulator 2, ile gemu ya malori ya SCS Software iliyotoka 2012. Tunafanya usiku, bila malipo, na lappi zenyewe zikipata joto zinanguruma kama mashine ya kusaga unga. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hivyo wacha niweke zote hapa, vile watu husema na vile mambo yako.

Dhana: "Ni mradi wa mashabiki, basi mashabiki wapige kura"

Hii tuliijaribu. Tuliuliza grupu miji gani iingie, na kila mtu akapigia kwao. Kedowa, Chepseon, Kapsoit, Awasi, zote zikashinda. Sasa shida ni moja, hiyo gemu imepimwa kwa moja kwa kumi na tisa, maanake zile kilomita kama 180 za Nakuru hadi Kisumu zinabaki tisa na nusu hivi. Ukiweka kila steji utakuwa na mji mmoja mrefu kuanzia Afraha ya Nakuru hadi Kondele ya Kisumu, hakuna hata nafasi ya kuweka gia ya tano.

Ukweli ni kwamba miradi ya mashabiki iliyofika mbali ilikuwa na watu wanaojulikana wanaosema ndio au la. Counter-Strike, gemu ya kupigana risasi, ilianza 1999 kama modi, yaani nyongeza ya mashabiki, ya gemu ya Half-Life, ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe. Walikuwa wanatoa beta, toleo la kujaribu, watu wanacheza wanalalamika, wao wanarekebisha wanatoa ingine. Hata ramani walipokea kutoka kwa mashabiki, ile de_dust ambayo nusu ya dunia imefia ndani ilichorwa na Dave Johnston, shabiki tu wa Uingereza. Mlango ulikuwa wazi lakini kulikuwa na mwenye nyumba. Mwaka uliofuata Valve, kampuni ya Half-Life, ikawa inaiuza dukani. DotA pia ni vile vile, ilikuwa ramani ya mashabiki ndani ya gemu ya Warcraft III, ikapita mikono kadhaa, na kuanzia 2005 ikashikwa na mtu anayejiita IceFrog ambaye alikuwa anasoma sana malalamiko ya wachezaji, ila uamuzi wa mwisho ni wake.

Kwa hivyo sisi tulifuta ile kura tukaandika juu kabisa ya grupu: mpangilio wa barabara na miji wanaamua hawa wawili, magari anaamua huyu, sauti huyu. Kelele ilidumu siku mbili. Tungeiandika siku ya kwanza hata hiyo haingekuwa, hasira nyingi za watu ni kwamba walidhani wana kura na kumbe hawana.

Dhana: "Ukikataa maoni yangu una kiburi"

Hapa ndio nataka kukaa kidogo juu ndio wengi wanapotelea.

Tulipotoa toleo la kwanza, malalamiko kama thelathini yalikuwa ya kitu kimoja: ukitoka Mau Summit ukirudi Nakuru, ile miteremko ya Sachang'wan kwenda Salgaa, breki hazishiki. Na kila mtu alikuja na dawa yake, ongezeni nguvu ya breki, punguzeni uzito wa trela, na mmoja wa Kisumu akaandika "omera hiyo gari imetoka jua kali." Mwenzetu wa magari akakasirika, akasema breki ni zile zile za gemu, hajagusa kitu, hawa watu hawajui kutumia breki ya injini. Na hakuwa anadanganya.

Sasa mimi nikaenda saiba moja hapo Section 58, Nakuru, nikaketi nyuma ya kijana mmoja nikamtazama akicheza, sikusema kitu. Anashuka vizuri, gia ya chini, breki ya injini iko, na bado lori linamshinda. Ndio nikashtuka. Tulikuwa tumefupisha barabara mara kumi na tisa lakini urefu wa mlima kwenda juu tuliuacha vile uko! Mteremko wa kawaida ulikuwa umekuwa ukuta. Yaani watu walikuwa wanasema ukweli kuhusu mahali panauma, na wakakosea kabisa kuhusu dawa. Tungewatii tungeharibu breki za ramani nzima, tungewapuuza tungebaki na ukuta. Tulishusha mlima, breki hatukugusa, na malalamiko yakahamia kwa honi.

Tangu hiyo siku mtu akiniletea dawa namuuliza swali moja, ulikuwa unafanya nini ikakukera? Nusu hawajibu. Wale wanaojibu ni dhahabu.

Na Awasi je? Kura haikuiingiza. Iliingia juu kuna jamaa aliandika pole pole bila matusi kwamba pale ndio unakata kwenda Chemelil, na hii ni gemu ya kubeba mizigo, kwa nini tunapita mkato wa sukari kama hatuuoni? Tukaangalia tukaona ni kweli, tulikuwa na chai ya Kericho na mchele wa Ahero, hatuna sukari. Hoja kama hiyo moja inapita kura mia.

Dhana: "Wanaopiga kelele ndio wengi"

Wapi. Ni watu sita. Wengine wanacheza tu wananyamaza, na ukitaka kuwajua lazima uende uwaulize.

Dhana: "Nimechanga, kwa hivyo nina sauti"

Tuliwahi kuweka namba ya M-Pesa tununue diski ya kuhifadhia mafaili. Mtu akatuma mia mbili, wiki iliyofuata anataka basi la sako yao liwe la kwanza kwa steji, na hapo akaanza kutuita wezi kwa grupu tatu tofauti. Tulimrudishia pesa na ile ya kutoa juu.

Pesa ni moto kwa miradi ya hivi, na si kwetu tu. Axanar, filamu ya mashabiki wa Star Trek, ilichangiwa zaidi ya dola milioni moja na mashabiki, na Desemba 2015 wenye Star Trek, kampuni za CBS na Paramount, wakawapeleka waundaji kortini. 2016 wakatoa masharti kwa filamu zote za mashabiki: hadithi moja isizidi dakika 15, au vipande viwili visivyozidi 30 jumla, na mchango usizidi dola 50,000. Kesi iliisha kwa makubaliano Januari 2017. Angalia hapo, wale waliochanga hawakupata sauti juu ya Star Trek, na mashabiki wengine ambao hata hawakuwa ndani wakapunguziwa dakika. Sisi sasa tukipokea kitu tunaandika ni ya nini hasa, ikitosha tunafunga.

Dhana: "Hatuuzi, kwa hivyo hakimiliki haituhusu"

AM2R, gemu ya shabiki, ilikuwa ya bure kabisa. Milton Guasti alitumia miaka mingi kuunda upya Metroid II, gemu ya Nintendo, akaitoa Agosti 2016, na haikuchukua muda Nintendo ikaagiza linki ziondolewe. Bure au ya kuuza, kazi ikitokana na ya mtu mwingine huyo mtu ana neno, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 pia inampa mwenye kazi haki ya kuzuia wengine kuigeuza na kuisambaza. SCS wao wako sawa, wanaruhusu modi na hata wametoa vifaa vya kutengenezea, lakini hiyo ni ruhusa yao, sisi hatujairithi kwa babu.

Na hii inatugusa karibu kuliko watu wanavyodhani. Tulipiga picha nganya moja, matatu ya michoro, hapo Nakuru tukabandika michoro yake kwa basi letu, tukajisifu. Kumbe ile michoro ina mwenyewe, fundi aliyeichora kwa mkono, akaiona kwa simu ya makanga. Alitupigia akiwa mpole kuliko vile mimi ningekuwa. Alitaka tu jina lake liwe ubavuni kama kwa gari ya kweli. Tukaweka. Tunasema sana juu ya kampuni kubwa kunyanyasa mashabiki na sisi wenyewe tulikuwa tumemchukulia msanii wa mtaa kazi bila kubisha hodi.

Ila si kweli pia kwamba kampuni hazisikii kamwe. Juni 2017 OpenIV, programu ya kutengenezea modi za gemu ya GTA, ilisimama baada ya barua ya mawakili wa Take-Two, kampuni mama ya Rockstar wanaotengeneza GTA. Wachezaji wakamwaga maoni mabaya kwa GTA V pale Steam, duka la gemu la mtandaoni, na kabla mwezi kuisha Rockstar ilikuwa imelegeza kwa modi za mchezaji mmoja na OpenIV ikarudi.

Dhana: "Mtu akitoka kwa timu anaenda na vitu vyake, ama anaacha vyote"

Zote mbili hazina msingi mpaka mmekubaliana, na nyinyi hamjakubaliana, najua, sisi pia hatukuwa. Yule wa kwanza kuchora basi letu aliondoka na modeli yake na kwa wiki tatu abiria wa Kisumu walikuwa wanangoja hewa. Hakutuibia, ilikuwa kazi ya mikono yake. Siku hizi kabla sijapokea hata kibao cha "Karibu Kericho" namtumia mtu ujumbe mfupi: ukitoka hii inabaki ama inaenda, na wengine wakitaka kuibadilisha ni sawa? Jibu napiga skrinshoti.

Dhana: "Mashabiki wakigawanyika mradi umekufa"

Ile DotA yenyewe ilikuwa na matoleo chungu nzima ya watu tofauti kabla moja kushika. Na AM2R baada ya Nintendo, mashabiki wengine waliendelea kutoa masasisho bila Guasti.

Jamaa wa Kedowa, ile tuliyoiacha nje, bado amekasirika. Wiki jana aliandika kwamba kama hatutaki anachora yake, na Kedowa itakuwa na soko, kanisa na bodaboda kumi. Tumemtumia mafaili ya mlima asije akajenga ule ukuta wetu tena, na yeye amejibu "sawa" bila hata emoji.