Noti umezisoma mara tano. Umejiuliza mara ngapi?

Msimu wa mitihani ukifika, lalamiko ni lilelile: "Noti nilizisoma zote mara tano, nilipoingia kwenye mtihani kichwa kikawa cheupe." Pole. Katika hizo mara tano, daftari lilifungwa mara ngapi? Hapo huwa kimya.

Kurudia kusoma kunazoesha macho. Ukurasa ukiupitia mara ya tatu unateleza, nawe unadhani ule mtelezo ndio kuelewa. Mtihani haukuulizi kama ukurasa huo uliwahi kuuona; unakutaka utoe kilichomo bila ukurasa wenyewe, na hiyo ndiyo kazi ambayo hujaifanyia mazoezi hata mara moja. Kalamu za rangi nazo zinapendezesha daftari, basi. Mwanasaikolojia Dunlosky na wenzake walipopitia tafiti za mbinu 10 za kujisomea mwaka 2013, kupaka rangi na kurudia kusoma viliwekwa kundi la manufaa madogo. Kujipima, na kutawanya vipindi vya kusoma, vikashika daraja la juu.

Kuna wanaojipima kweli, lakini kwa namna inayoniudhi kuliko wasiojipima kabisa. Mtu ana kadi zake za maswali, anapatia moja, anaitupa pembeni: "Hii nimeshaimaliza." Hujamaliza chochote! Mwaka 2008 watafiti Karpicke na Roediger walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walijifunza jozi 40 za maneno ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza (ndiyo, Kiswahili hikihiki). Neno likishapatiwa mara moja, wengine waliacha kulisoma tena lakini wakaendelea kuulizwa. Wengine waliendelea kulisoma lakini hawakuulizwa tena. Wiki moja baadaye, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80. Walioacha kuulizwa hawakufika asilimia 40, hata wale walioendelea kusoma. Cha ajabu ni kwamba walipotakiwa kukadiria watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalisema karibu nusu. Kwa hiyo ukiniambia "mimi najijua, nikisoma inaingia", nakusikia tu.

Kadi isitoke mpaka uipatie katika siku tatu tofauti. Hiyo tatu ni kadirio langu la kikazi, msiifanye sheria.

Kwa somo lisilo la kadi, chukua mada moja ya mhadhara, isome mara moja kwa makini, funga kila kitu, weka karatasi tupu mbele yako. Dakika 10, andika yote unayoyakumbuka, michoro na kanuni zikiwemo. Ukikwama usifungue haraka. Kaa na ule ugumu dakika moja au mbili. Kisha fungua, usahihishe kwa wino wa rangi nyingine. Hatua hii ya mwisho hairukwi, kwa sababu bila masahihisho unaweza kukariri kosa lako. Mfano ni mkengeuko sanifu wa sampuli, kile kipimo cha takwimu cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Ukiutazama mfano uliokokotolewa, kila mstari unaonekana wa wazi. Kwenye karatasi tupu ndipo mkono unaposita: nigawe kwa n (idadi ya namba) au kwa n−1? Kusita huko ndiko ulikokuwa unakutafuta. Kesho anzia hapo.

Mitihani ya miaka iliyopita inaharibiwa hivyohivyo. Mtu anasoma swali, anachungulia majibu, anatikisa kichwa: "Eeh, ningepata." Usingepata. Andika jibu zima kwanza, ukijipimia muda kwa saa, ndipo ulinganishe.

Vipindi vya kujipima mada moja: leo, kesho, siku ya nne, wiki ya pili. Ukipitiwa na siku moja si kitu. Muhimu ni kuwe na nafasi ya kusahau kidogo. Saa tatu zilizogawanywa kwa siku tatu zinashinda saa tatu za mkupuo. Simu iwe chumba kingine. Usiku ulale. Na hizo habari za "mimi najifunza kwa kusikia, yeye kwa kuona", ziacheni, hazijathibitika.

Penye shaka zangu ni hapa. Ushahidi mwingi tunaoutegemea umetokana na orodha za maneno na vifungu vifupi. Kwa anayejifunza kujenga hoja ndefu, au kuthibitisha nadharia za hisabati, naamini kujipima kunasaidia, ila sidhani faida ni kubwa kama tunavyoitangaza. Na mada ambayo hukuielewa darasani, karatasi tupu haitakuelewesha. Itakuonyesha tu kwamba hujaelewa. Hapo mtafute mhadhiri, au mwenzako anayeweza kukuelezea, kisha urudi kwenye karatasi siku hiyohiyo.