Diski Imejaa: Seva Inamaanisha Nini Inaposema Hakuna Nafasi

"No space left on device" ni ujumbe ambao kila anayetunza seva ya Linux atakutana nao siku moja. Maana yake ya juu ni nyepesi: programu imeomba kuandika kitu, na keneli, yaani kiini cha mfumo, imekataa kwa sababu nafasi imekwisha. Ndani ya keneli kosa hili huitwa ENOSPC, na namba yake ni 28. Ugumu unaanzia hapo, kwa kuwa jibu hilo moja hutolewa kwa sababu kadhaa zisizofanana, na kila sababu ina tiba yake. Anayekimbilia kufuta mafaili kabla ya kujua ni nafasi ipi iliyokwisha anaweza kupoteza kumbukumbu za ofisi nzima na ujumbe ukabaki palepale.

Seva ninazozizungumzia ni za aina ninayokutana nayo Tanga mjini. Ni kompyuta ya mezani iliyowekwa chini ya dawati la wakala wa forodha karibu na bandari, au kwenye kona ya duka la dawa la jumla Ngamiani, au kwenye maabara ya kompyuta ya shule kule Chumbageni. Ndani yake kuna Debian au Ubuntu, ambayo ni matoleo ya Linux, hifadhidata ya MariaDB, pengine Apache ya kuhudumia kurasa za wavuti, na programu ya mauzo au ya matokeo ya wanafunzi. Vyote hivyo ni programu huria, havina ada ya leseni, na vinafanya kazi vizuri kwa miaka. Lakini ofisini hakuna mtaalamu anayekaa navyo. Kuna karani, na kuna namba ya simu ya fundi.

Kwa hiyo ujumbe wenyewe mara nyingi haumfikii fundi. Anachosikia ni dalili:

"Mwanangu, mtandao umekata tena. Risiti hazitoki."

"Shikamoo mama. Kabla hujazima chochote, hebu nisomee maandishi yaliyo kwenye kioo."

Mara nyingi mtandao uko salama. Diski ikikosa nafasi, hifadhidata husimama au hukataa rekodi mpya, printa haipokei kazi kwa sababu foleni yake huandikwa kwenye diski, na ukurasa wa programu hutoa kosa namba 500. Dalili inayowachanganya watu kuliko zote ni ile ya kuingia: mtumiaji anaandika nenosiri sahihi, kioo kinameta mara moja, kisha kinamrudisha palepale pa kuandika nenosiri. Nenosiri halina kosa. Mfumo umeshindwa kuandika faili dogo la kikao kwenye saraka (folda) yake ya nyumbani, basi umemtoa nje. Watu hulaumu virusi, hubadilisha nenosiri, hata huweka mfumo upya, wakati gigabaiti mbili tu zingemaliza kazi.

Ili kuelewa sababu zinavyotofautiana, fikiria godauni la mkonge. Kuna sakafu ya kupanga marobota, na kuna leja ya mwenye stoo ambamo kila mzigo una mstari wake: umeingia lini, ni wa nani, umewekwa wapi. Sakafu ikijaa, mzigo haupokelewi. Leja ikijaa mistari na hakuna karatasi nyingine, mzigo pia haupokelewi, hata kama nusu ya godauni ni tupu. Diski ya Linux iko hivyo. Sakafu ni bloku, yaani vipande vya kuhifadhia data yenyewe, ambavyo kwenye ext4, mfumo wa mafaili unaotumika sana kwenye Linux, kwa kawaida ni vya KB 4. Mstari wa leja ni inodi: rekodi inayosema faili ni la nani, lina ukubwa gani, lina ruhusa zipi na data yake iko kwenye bloku zipi. Kila faili hula inodi moja, liwe la baiti 10 au la gigabaiti 10.

Swali la kwanza basi si "nifute nini?" bali "kilichokwisha ni bloku au inodi?" Amri mbili zinatosha. `df -h` inaonyesha bloku, `df -i` inaonyesha inodi. Zisome zote mbili kila mara, na usome pia safu ya mwisho inayotaja patisheni, yaani sehemu ya diski, imepachikwa kwenye saraka ipi, kwa sababu inawezekana kabisa `/home` ina nafasi tele huku `/var` imefikia asilimia 100.

Tuanze na bloku. Huenda ukaona diski imefikia asilimia 100, lakini ukijumlisha mwenyewe, kilichotumika hakifiki ukubwa wa diski. Hakuna hitilafu hapo. Ext4 inapotengenezwa huweka akiba ya asilimia 5 ya bloku kwa ajili ya mtumiaji mkuu, root, ili diski ikijaa bado aweze kuingia na kusafisha, na huduma zake muhimu ziendelee. Asilimia inayoonyeshwa na `df` huhesabiwa kwa kuangalia nafasi ya mtumiaji wa kawaida. Kwenye diski ya TB 1, akiba hiyo ni karibu GB 50. Kwa patisheni yenye mfumo wenyewe ningeiacha ilivyo, maana ndiyo inayokuokoa usiku wa manane. Kwa diski ya pembeni ya kuwekea picha au nakala rudufu haina faida kubwa, na `tune2fs -m 1` huishusha hadi asilimia 1 bila kugusa data.

Inodi zinakwisha kwa njia nyingine. Ext4 hupanga idadi yake siku ile patisheni inapotengenezwa, na kwa kawaida ni inodi moja kwa kila KB 16 za nafasi. Patisheni ya GB 20 hupata takribani inodi milioni 1.3. Zinaonekana nyingi, hadi ije programu inayozalisha mafaili madogo bila kikomo. Mfano ninaouona sana ni vikao vya PHP, lugha inayoendesha programu nyingi za wavuti. Kila anayefungua ukurasa huachiwa faili la kikao. Debian na Ubuntu hufagia vikao vilivyopitwa na wakati kwenye `/var/lib/php/sessions`, lakini kama aliyeandika programu ya mauzo aliamua kuweka vikao kwenye saraka yake mwenyewe, hakuna anayefagia huko. Mwaka unapita, saraka ina mafaili karibu milioni, kila moja la baiti chache. `df -h` inasema asilimia 40, karani anasema hakuna kinachohifadhiwa, na fundi asiyeijua `df -i` anaanza kushuku diski imekufa.

Kuipata saraka yenye lawama, tumia `du --inodes -x / | sort -n | tail`. Ukifika huko usiandike `rm *`, kwa maana mafaili yakiwa mengi mno ganda la amri litalalamika kwamba orodha ni ndefu kupita kiasi. `find` pamoja na `-delete` hufanya kazi hiyo kwa utulivu, na ukiongeza `-mtime +7` itagusa tu yaliyozidi wiki. Jambo la kukumbuka ni kwamba huwezi kuongeza inodi za ext4 bila kupanua patisheni au kuitengeneza upya. XFS na Btrfs, mifumo mingine ya mafaili, hazina dari hilo, kwani huzalisha inodi kadiri zinavyohitajika. Anayejua mapema kwamba seva yake itahifadhi mamilioni ya mafaili madogo, kama barua pepe, afikirie hilo kabla ya kuweka mfumo.

Sababu inayofuata huwatoa jasho hata wazoefu. Umelipata faili la logi, yaani daftari la matukio ya programu, lenye GB 30, umelifuta kwa `rm`, umerudi kwenye `df`, na namba haijasogea hata kidogo. Ukipima kwa `du`, inasema GB 30 hazipo tena. Amri hizo mbili hazidanganyi. `du` hutembea saraka kwa saraka ikihesabu majina inayoyaona, ilhali `df` huuliza mfumo wa mafaili wenyewe. Kwenye Linux, `rm` huondoa jina. Data hubaki mpaka jina la mwisho litoke na programu ya mwisho iliyolifungua faili hilo ilifunge. Kama Apache bado inaandika humo, faili lipo, linaendelea kunenepa, ila halionekani tena kwenye saraka yoyote. `lsof +L1` huyaorodhesha mafaili yaliyokwisha kupoteza jina lakini bado yameshikiliwa, pamoja na namba ya programu inayoyashikilia. Ukiwasha upya huduma hiyo moja, nafasi hurudi papo hapo. Kuzima seva nzima pia kungeirudisha, na ndiyo maana watu huamini kwamba kuzima na kuwasha ni dawa bila kujua kilichotibiwa. Njia bora ni kutolifuta kabisa logi linalotumika: `truncate -s 0` hulimwaga likabaki na jina lake, na huduma haisumbuki.

Lakini kabla ya kulimwaga, lisome. Nasisitiza hili kwa sababu naliona likipuuzwa mno. Logi haikui hadi GB 30 kwa hiari yake. Kuna kitu kinapiga kelele humo: programu inarudia kosa lilelile kila sekunde, au watu wa nje wanajaribu manenosiri kwenye SSH, mlango wa kuingilia seva kutoka mbali, mchana kutwa. `tail -n 50` inatosha kukuonyesha. Ukimwaga bila kusoma, wiki ijayo simu italia tena. Logi za kawaida huzungushwa na programu ya logrotate, na za systemd, inayoendesha huduma za mfumo, zina kikomo chake, ambacho kwa kawaida ni asilimia 10 ya mfumo wa mafaili na si zaidi ya GB 4. `journalctl --disk-usage` inakupa hesabu, na `journalctl --vacuum-size=500M` inazipunguza.

Kuna aina nyingine ambayo kwa mazingira yetu naiona kuwa ya hatari zaidi, kwa sababu inafika pamoja na umeme kukatika. Ofisi ina diski ya nje ya USB iliyopachikwa kwenye `/mnt/nakala`, na kila usiku hati ndogo ya amri huandika humo nakala rudufu ya hifadhidata. Umeme unakatika, unarudi, seva inawaka. Safari hii diski ya nje haikushika, labda waya umelegea au imechelewa kuamka. Saraka ya `/mnt/nakala` bado ipo, lakini sasa ni saraka tupu ya diski kuu. Hati haijui tofauti. Inaandika nakala humo usiku baada ya usiku hadi diski kuu inajaa. Fundi anakuja, anachomeka diski ya nje vizuri, anaipachika, na zile nakala za diski kuu zinafunikwa chini yake. `du` haizioni tena, `lsof` haina cha kuonyesha, na diski bado imejaa.

Kuzifichua, tengeneza saraka tupu, tuseme `/mnt/chini`, kisha `mount --bind / /mnt/chini`. Sasa unaiona diski kuu peke yake, bila vilivyopachikwa juu yake, na `du -sh /mnt/chini/mnt/nakala` itakwambia ukweli. Usizifute kwa haraka. Huenda ndizo nakala pekee za siku zile, basi zihamishie kwanza kwenye diski ya nje. Kuzuia yasijirudie, mstari mmoja mwanzoni mwa hati unatosha: `mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1`. Diski isipokuwepo, kazi inasimama. Wengi huweka neno `nofail` kwenye `/etc/fstab` ili seva iwake hata diski ya nje isipokuwepo. Ni jambo jema, ila ndilo hasa linalofungua mlango wa tatizo hili, basi viwili hivyo viende pamoja.

Hali nyingine zinaelezeka kwa ufupi. Patisheni ya `/boot` ikijaa na masasisho yakakwama, mara nyingi ni keneli za zamani zilizolundikana, na `apt autoremove --purge` huziondoa. MySQL, hifadhidata ya jamii moja na MariaDB, kuanzia toleo la 8 hutunza logi zake za mabadiliko kwa siku 30 usipoiagiza vinginevyo. Zipunguze kwa amri ya hifadhidata yenyewe, `PURGE BINARY LOGS`, wala usiingie `/var/lib/mysql` kufuta mafaili kwa mkono. Na ujumbe wa "Read-only file system" si wa nafasi hata kidogo: mfumo umegundua kosa kwenye diski ukajifunga usiandikwe. Hapo soma `dmesg`, chukua nakala, na upime afya ya diski kwa `smartctl`.

Mwisho kuna ENOSPC isiyohusu diski kamwe. Programu zinazofuatilia mabadiliko ya mafaili hutumia inotify, huduma ya keneli ya kutoa taarifa hizo, na kila mtumiaji ana kikomo cha anavyoweza kufuatilia. Kikomo kikifikiwa, keneli hurudisha kosa lilelile namba 28, kwa maneno yaleyale, huku `df -h` na `df -i` zikionyesha nafasi kubwa. Ukikuta hivyo, usifute chochote. Angalia thamani ya `fs.inotify.max_user_watches` kwa `sysctl`, uiongeze, na uiandike kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d` ili ibaki hata umeme ukikatika.